Jinsi akina mama wa mwethya kule Nunguni walivyomweka kaka yangu mgonjwa wa akili kwenye zamu

Wakuu wa humu, nawasalimu kutoka milimani, nikiwa nimejifunika leso mbili.

Mimi ni mtu wa kusoma nyuzi za wengine na kucheka peke yangu jikoni. Kuandika si kazi yangu. Lakini juzi member mmoja aliuliza hapa, ndugu yake ana ugonjwa wa akili miaka mingi, familia imechoka, wampeleke wapi. Nikasoma majibu. Mmoja mganga, mwingine maombi, mwingine mfungieni tu. Usingizi ukakataa kabisa.

Yote nitakayosema niliyaona kwa macho haya mawili. Majina nimebadilisha kwa sababu wengi wako hai na wana midomo.

Ni ndefu. Weka maji ya chai kwanza.

Kwetu ni chini kidogo ya Nunguni, ukishuka mlima. Hii ni miaka ya themanini, sisi bado ni watu wa Machakos kwa makaratasi, Makueni ilikuwa haijakatwa peke yake. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa, nakaa na mama. Baba alitangulia mapema.

Tulikuwa wawili tu kwa mama. Mimi, na kaka yangu mkubwa, tumwite Mutiso.

Mutiso alikuwa fundi wa nguo. Si wa viraka, fundi kamili. Cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya duka moja kule Makindu, na madereva wa malori ya Mombasa walikuwa wanasimama kupimwa suruali. Suruali ya Mutiso ukivaa unatembea kama mtu aliyelipwa jana.

Akiwa na miaka ishirini na sita akaanza kusikia watu wakiongea, na watu hawapo.

Akaacha cherehani, akawa anatembea kando ya reli. Wiki nzima alikula pale kwa hekalu la Masingasinga, wale watu hawakuulizi dini wala akili, wanakuwekea sahani. Mpaka leo nikipita Makindu nawaombea baraka. Mzee mmoja wa hapo aliuliza uliza mpaka akajua huyu ni mtu wa Nunguni, akampandisha kwenye lori pamoja na cherehani yake. Hakuna kitu kilipotea, hata sindano.

Hapo ndipo tulianza kuhangaika.

Mganga alikula mbuzi wawili na jogoo mweupe, kisha akasema mbaya wetu ni jirani. Tukanuniana na jirani mwaka mzima, na huyo jirani ndiye alikuwa anatuletea maziwa! Tulikunywa chai ya rangi mwaka mzima kwa ujinga wetu.

Tukaombewa. Sitacheka maombi, maombi yalimpa mama nguvu ya kuamka asubuhi. Lakini sauti za Mutiso hazikuondoka.

Na hii naisema kwa aibu. Kuna miezi tulimfungia kwenye ghala la mahindi. Baba mdogo Nzioka, ndugu yake baba, ndiye alileta mnyororo. Mama alikuwa anakaa nje ya mlango mchana kutwa, anamlisha kupitia kwa ufa na kumpa habari za kijiji, nani amezaa, nani ameuza ng'ombe. Nilikuwa natoka shule nawakuta hivyo. Nilikuwa napita haraka naingia ndani.

Hospitali kubwa ya Nairobi alilazwa mara tatu. Walimtunza vizuri, simung'unyi maneno. Kila mara alirudi msafi, mtulivu, na mfuko wa vidonge. Vidonge vikiisha, na Nairobi ni mbali, tunarudi pale pale. Shida yetu ilikuwa ule mwendo wote uliokuwa katikati ya hospitali na sisi.

Miaka tisa mama hakulala nje ya boma lile. Tisa! Dada yake wa pekee ameolewa Kitui, akaoza binti, mama hakwenda. Akapata wajukuu, mama hakuwaona.

Na alikuwa na swali moja. Alikuwa analiuliza akichambua maharagwe, akikoroga uji, hata katikati ya sala.

"Nikifa, Mutiso atabaki na nani?"

Halafu ananiangalia mimi. Na mimi naangalia sufuria. Wakuu, nilikuwa na miaka ishirini na saba na kulikuwa na mwalimu mwenzangu ananiandikia barua. Nilimpenda kaka yangu, lakini hilo swali nililichukia kama malaria.

Sasa ndipo akaja Sista Wambui.

Huyu alikuwa muuguzi, mtu wa Murang'a, ameletwa kwenye kituo cha afya kule chini, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwetu. Mfupi, sauti kubwa, amesomea mambo ya akili. Alianzisha kliniki siku ya Alhamisi, na alikuwa na sindano ambayo mtu anadungwa mara moja, inakaa mwilini wiki nne. Hakuna kuhesabu vidonge. Hakuna Nairobi.

Tulimpeleka Mutiso tukimsukuma kidogo. Sista akampa kadi ya manjano, akaandika tarehe, akatuambia mimi na mama kwa Kiswahili chake:

"Hii si dawa ya kumaliza. Ni dawa ya kushikilia. Akikosa mwezi moja, mimi nitajua. Akikosa miezi mitatu, hata nyinyi mtajua."

Miezi ya kwanza mikono ilikuwa inamtetemeka, uzi hauingii kwenye sindano, fundi mzima analia kama mtoto. Sista akamwongezea tembe ndogo nyeupe za kutuliza mikono. Mwezi wa nne nikatoka shule nikasikia kitu nilikuwa nimesahau.

Cherehani.

Nilisimama kwa njia na vitabu vya watoto kichwani nikasikiliza tu. Mama alikuwa jikoni, anapika na mlango wazi, anaimba. Siwezi kueleza furaha ya siku hiyo, acha niiache hivyo.

Mwaka mzima ukapita bila shida. Kanisa letu likampa Mutiso kazi ya kushona majoho ya kwaya, ishirini na nane, rangi ya zambarau na kola nyeupe. Baba mdogo Nzioka alikuja kupimwa koti. Mnyororo alirudi nao kwake, akafungia ng'ombe.

Sasa wakuu, hapa ndipo tulifanya kosa la watu wa kwetu. Sidhani watu wengine duniani wanaweza kukosea hivi.

Kwetu Mungu akikutendea jambo, unatoa ushuhuda. Unasimama mbele Jumapili, unaeleza, kanisa linapiga makofi, mnaleta mbuzi na sukuma wiki, mnakula. Sasa mama akasimama. Miaka tisa ya kimya ilitoka siku moja. Alieleza mganga, alieleza ghala, alieleza Nairobi, akina mama wanatoa leso wanajipangusa. Akaona kanisa limeshikika. Naye akashikika.

Akainua mkono juu.

"Na nawaambia mbele ya Ngai, mwanangu amepona kabisa! Hata ile sindano, hatarudi kudungwa tena!"

Kanisa likalipuka. Mchungaji akaruka. Kwaya ikaanza wimbo hata haijaombwa.

Mimi nilijua. Nilimsikia Sista Wambui kwa masikio yangu. Nilikuwa nimekaa benchi la pili, na nilipiga makofi.

Si mama alikuwa mwongo. Ni furaha ilimbeba. Lakini ushuhuda ukishautoa mbele ya kanisa kwetu, umejifunga. Alhamisi ya kliniki ilipofika, mama akavaa viatu, akavua, akavaa tena, akakaa. Angepitaje sokoni na Mutiso na ile kadi, watu wote wamesikia? Wangesema mama Mutiso amemdanganya Mungu, au Mungu amemdanganya mama Mutiso.

Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Mama ananiangalia kama kusema, unaona? Mwezi wa pili Mutiso akaanza kula peke yake. Wa tatu, usiku hakulala.

Wa nne ni majoho.

Kwaya ilikuwa inajiandaa kwenda Malili kwa mkutano wa makanisa mengi. Wakamletea Mutiso majoho yote apige pasi na kukaza vifungo. Ijumaa asubuhi nimeamka nakuta boma ni zambarau. Majoho ishirini na nane yametandazwa kwa majani, na yote, wakuu, yote, pindo zimefumuliwa. Kola zimetolewa. Kaka yangu amekaa katikati na wembe, macho mekundu, ananiambia taratibu kabisa kuna barua zimeshonewa ndani ya pindo na lazima zisomwe kabla ya Jumapili.

Na mkutano ni keshokutwa.

Habari kwetu haihitaji redio. Saa nne baba mdogo Nzioka amefika na lori la rafiki yake na vijana wawili. Hakuwa mtu mbaya, niseme hivyo. Alikuwa mtu wa kumaliza mambo.

Akamwambia mama, mimi nikiwa hapo:

"Mama Mutiso, leo tunampeleka Nairobi na hatutamrudia. Serikali ikae na yeye. Wewe umezeeka. Hii msichana itaolewa. Ukikufa utamwachia nani, mimi? Niambie, mimi?"

Lilikuwa swali lake mwenyewe, sasa linatoka kwa mdomo wa mtu mwingine. Mama alichukua kiondo chake, akakusanya majoho akayajaza kwenye magunia mawili, akanipa moja, akasema, "Twende."

"Wapi?" nikauliza.

"Kwa shamba la mama Kavutha."

Kwa wasiojua, mwethya ni kazi ya pamoja. Kwetu akina mama wanaungana, wiki hii wanachimba matuta kwa shamba lako, wiki ijayo kwa langu, zamu kwa zamu. Ukikosa bila sababu, faini yako ni kupikia kundi lote isyo, mahindi na maharagwe, na wanakula wakikusimanga. Matuta yetu ni yale ya fanya juu, unachimba mtaro na udongo unautupa upande wa juu wa mlima. Bila hayo, mvua moja tu na shamba lako limeenda kwa mtu wa chini.

Na wale akina mama wa mwethya ndio hao hao akina mama wa kwaya. Unaelewa sasa tulikuwa tunaenda wapi.

Tuliwakuta kama ishirini na majembe. Wimbo ukakatika. Mama akamwaga majoho chini, zambarau kwa udongo mwekundu.

Mama akasema:

"Mutiso ni mgonjwa tena. Majoho ameharibu. Siku ile kanisani nilisema Mungu amemsaidia, hiyo ni kweli. Nikasema sindano imeisha. Hiyo Mungu hakunituma. Hiyo niliongeza mimi."

Mama Kavutha ndiye alikuwa chairlady. Mama mrefu, mkavu, anavaa koti la marehemu mumewe hata kwa jua, na hakuna mtu Nunguni nzima alikuwa anamzoea. Akaegemea jembe.

"Asi! Kwa hivyo uliongezea Mungu maneno?"

"Niliongeza."

"Mbele ya mchungaji?"

"Mbele ya mchungaji."

Mama Kavutha akaanza kucheka. Kwanza mabega, halafu mama mzima. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, hata wale walikuwa wamekasirika, mpaka mwingine akakaa chini. Mama naye akacheka huku machozi yanatoka. Mimi sikujua kama tunachekwa au tunasamehewa.

Alipomaliza akajipangusa, akaonyesha tuta walilokuwa wanachimba.

"Hii tuta tulichimba mwaka gani?"

"Mwaka juzi," wakasema.

"Na mwaka jana?"

"Tulirudia."

"Na leo tuko hapa. Kuna mtu amewahi kusimama kanisani akasema tuta limepona, asichimbe tena? Sasa kwa nini mtoto wa mama Mutiso tunataka apone mara moja, na udongo tunarudia kila mwaka?"

Wakuu, mimi nimesoma chuo cha ualimu. Nimefundishwa saikolojia ya mtoto kwa Kiingereza. Hakuna mtu alikuwa amenieleza ugonjwa wa kaka yangu nikaelewa mpaka hapo, kwa shamba.

Wakaacha majembe wakapanda na sisi nyumbani.

Baba mdogo alikuwa tayari amefungua nyuma ya lori. Kuona akina mama ishirini wanaingia, akafunga. Mama Kavutha akampita bila salamu, akaenda akakaa kwa majani karibu na Mutiso. Wote tulijua ule wembe bado uko mkononi.

"Mutiso. Zile barua za kwa pindo, umezisoma zote?"

Mutiso akamwangalia sana. Miaka yote watu walikuwa wakimwambia hakuna sauti, hakuna barua, acha upuzi. Huyu hakusema iko wala haiko.

"Zote," akasema.

"Umechoka?"

"Nimechoka sana, mwaitu."

Mwaitu kwa lugha yetu ni kusema "mama yangu". Akaweka wembe chini.

"Basi twende kwa Sista. Hatukushiki. Tunatembea tu."

Na hivyo ndivyo tulishuka, saa mbili, Mutiso katikati, wengine mbele, wengine nyuma, na kwa sababu hawawezi kutembea kimya hata wakilipwa, wakaimba nyimbo za jembe. Watu wa sokoni walitoka kwa maduka. Mama yangu ambaye miezi minne alikuwa anaona aibu kupita na kadi alikuwa ameishika juu kama tiketi.

Sista Wambui alituona akatoka nje ya kituo, mikono kiunoni.

"Kwani mmeniletea mgonjwa moja ama kanisa mzima?"

Akamdunga. Halafu akatugombeza, wote, kwa zamu. Nilistahili zaidi ya wote na nikamwambia hivyo.

Baba mdogo alirudi na lori tupu. Akasema atampa mama mwezi mmoja, aone.

Kuhusu majoho. Akina mama walishona Ijumaa jioni na Jumamosi mchana, kila mtu na uzi aliokuwa nao nyumbani. Mwekundu, mweusi, kijani, mwingine alitumia uzi wa gunia. Kola hazikurudi zote mahali pake. Jumapili wakaenda Malili hivyo hivyo, wakaimba mpaka mahema yakatikisika. Baadaye kwaya moja ya barabara ya Mombasa ikawajia kuuliza, huyo fundi wenu wa pindo za rangi anapatikana wapi?

Mama Kavutha akawajibu bila kupepesa, "Anapumzika kidogo. Mwezi ujao njooni."

Na walikuja kweli! Mutiso alikuwa ametulia, akawashonea majoho yenye pindo za rangi, na akaona ni kitu kibaya sana kwa macho, lakini wenyewe ndio walitaka.

Sasa jambo lenyewe lililonifanya niandike.

Mwisho wa mwezi ule mwethya walikaa kupanga zamu. Mama Kavutha akasema Mutiso aandikwe. Kila wiki ya nne, Alhamisi, watu wawili wamshushe kliniki, na hiyo ihesabiwe kazi ya kundi kama kuchimba. Ukikosa, unapika isyo.

Kuna mama mmoja akapinga, na hakuwa amekosea. Akasema sheria ya mwethya ni moja, unapewa zamu kwa sababu na wewe umetoa mkono. Mutiso ametoa nini?

Nilitaka kusimama nitoe hotuba. Mutiso akanitangulia. Alikuwa amekaa nyuma, bado ana uzito wa dawa, maneno yanatoka polepole.

"Nguo zenu za shamba zimeraruka nyinyi wote. Mimi nitashona. Na nikiwa na nguvu, nachimba."

Wakajiangalia. Kwa kweli walikuwa wameraruka.

Akaandikwa. Mimi ndiye nilikuwa karani kwa sababu ya mwandiko, na niliandika jina la kaka yangu kwenye daftari ya mwethya kati ya mama Mbithe na mama Ndunge.

Najua kuna mtu atauliza, alipona? Hapana. Sitarudia kosa la mama. Zile sauti zilipungua, hazikuisha. Kuna mwaka alienda Makindu kwa miguu siku mbili bila kuaga. Kuna siku alikuwa anakaa tu, na wao wanachimba, na hakuna aliyemsimanga. Dawa ilimnenepesha akawa anajishonea suruali mpya kila Krismasi. Lakini alikuwa nyumbani, ana kazi, ana watu.

Mimi niliolewa na yule mwalimu wa barua. Nikahamia ng'ambo ya mlima, nusu saa.

Miaka ikasonga, tumeingia tisini na kitu, mama akaniita. Akaniambia anataka kwenda Kitui kumwona dada yake. Siku saba.

Alipanga kama anaenda vitani. Alimwachia mama Kavutha maagizo, mchungaji maagizo, jirani wa maziwa maagizo, mimi ukurasa mzima ambao niliuandika mwenyewe akinitajia. Kwenye stendi alishuka kwa gari mara mbili kukumbusha jambo.

Siku ya saba hakurudi. Ikaja barua kwa mkono wa dereva, imeandikwa na mjukuu wa dada yake: bibi anasema mbaazi zinakaribia, atasaidia kuvuna. Wiki ya tatu, barua nyingine, kuna harusi. Wakuu, mama yangu wa miaka sitini na kitu alikuwa anakula maisha Kitui!

Mimi huku roho juu. Alhamisi ya kwanza ya kliniki ilienda sawa, mama Kavutha mwenyewe alishuka naye. Ya pili ikakuta maharagwe yamekauka na mvua inatisha, kila mtu yuko kwa shamba lake mbio mbio. Nikakumbuka nikiwa darasani, saa tatu imepita. Nikaacha watoto na kazi ya hesabu nikakimbia mlima mzima na viatu vya mwalimu.

Nyumbani hakuna mtu. Cherehani imefunikwa vizuri. Nilifikiria reli, nilifikiria Makindu, nilifikiria nitamwambia mama nini.

Nikakimbia kwa mama Kavutha. Nikiwa bado kwa njia nikasikia sauti ya Mutiso, kubwa, kali, ya mtu anayedai haki yake.

Alikuwa amesimama katikati ya shamba, amevaa shati safi, kadi ya manjano mkononi. Mama Kavutha na mama Ndunge wameinama na maharagwe, wanaona aibu.

"Leo ni zamu yangu! Mimi nilishona nguo zenu, sikuchelewa hata moja. Nani ananipeleka?"

"Mutiso, tusamehe, ni mvua..."

"Na nyinyi mtapika isyo. Sheria ni sheria."

Mama Ndunge alienda kuosha miguu. Wakashuka naye. Na wakapika, Jumamosi, sufuria mbili, Mutiso akapakuliwa wa kwanza.

Mama alirudi baada ya miezi miwili, mnene, na leso mpya ya Kitui. Alishuka mlima kwa haraka, nadhani alitarajia kukuta boma limeanguka. Alikuta Mutiso anampimia mchungaji suruali.

"Umerudi?" akamuuliza, tape shingoni. "Chai iko kwa chupa."

Basi. Hiyo tu. Mama alizunguka boma lote akitafuta kosa. Kuku wako wote. Akakasirika kidogo, nawaapia. Akaniita ndani, akatoa kadi kwenye kopo inapokaa.

"Nisomee."

Nikamsomea tarehe ya kwanza. Nikamsomea ya pili.

"Hii ya pili nani alikumbuka?"

"Yeye mwenyewe. Wote walikuwa wamesahau, hata mimi. Alienda akawagombeza kina mama Kavutha huko shambani."

Mama akaketi kitandani na ile kadi mapajani. Nilingoja lile swali, nililoliogopa ujana wangu wote, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu. Lakini hakuuliza.

Alipangusa macho na leso mpya, akasema, "Basi Agosti narudi Kitui."

Na alirudi. Kila Agosti, mpaka magoti yalipokataa.

Nilichojifunza, kwa yule member aliyeuliza wampeleke wapi. Mpeleke kliniki, na usiache dawa kwa sababu amependeza. Lakini kliniki ni siku moja, na hizo siku zingine zote anakaa kwenu. Kama ni mtu mmoja tu amezibeba, huyo mtu ataisha kabla ya ugonjwa. Gawaneni. Na mgonjwa mwenyewe apewe kitu cha kutoa, hata kama ni kushona viraka, ili siku mkimsahau awe na haki ya kuja kuwagombeza.

Nimemaliza, chai imepoa. Wale mna mtu kama Mutiso nyumbani, andikeni hapa chini bila aibu. Nitawauliza kitu kimoja tu: mwezi huu, zamu ni ya nani?